Mkono wa Papa Kwenye Kitanzi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa mtaani Gihosha alimwaga kreolini, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, kwenye choo chake cha nje. Harufu ikapanda ukuta, ikaingia jikoni kwangu, na mimi nikaacha kukata mboga za lengalenga nikakaa chini kwenye kindoo kilichopinduliwa. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unaugua?" Nikamwambia apana, ni kreolini tu. Angeelewa nini? Ninyi wa rika langu, mnaosoma barua mkiwa mmezisogeza mbali na macho, ninyi mtaelewa. Tulipokua mtaa wa Musaga, kila nyumba ilikuwa na harufu yake. Ya jirani wa kulia ilikuwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, ya jirani wa kushoto ilikuwa pombe ya ndizi. Yetu ilikuwa kreolini na mafuta ya cherehani. Mafuta yalikuwa ya mama, aliyekuwa akishona barazani. Kreolini ilikuwa ya papa, baba yangu, na mimi nilikuwa wa papa pia, au nilijiona hivyo mpaka Faida alipokuja.

Papa alikuwa mkamata mbwa. Alifanya kazi na watu wa mifugo, wale waliokuwa wakizunguka kartie kwa kartie, mtaa kwa mtaa, kuwakamata mbwa wasio na wenyewe, ili wachanjwe na watazamwe kama wana kichaa. Shuleni wenzangu walinibwekea. Mimi nilijibu kwa kuwabwekea vilevile, tena kwa sauti zaidi, kwa sababu nilimwonea fahari baba yangu kuliko wao walivyowaonea wa kwao, waliokaa ofisini na mihuri.

Watu wengi walidhani kazi ile ni ya rungu. Papa hakuwa na rungu. Alikuwa na glavu za ngozi zilizofika kwenye kiwiko, wavu mmoja, tundu la chuma la kubebea mbwa nyuma ya kamioneti, na fimbo. Fimbo ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Ilikuwa bomba jepesi, refu kama mtu mzima, na ndani yake ilipita waya wa chuma uliotoka mbele ukafanya kitanzi. Kitanzi chenyewe kilivikwa mpira ili waya usimkate mbwa shingo. Nyuma kulikuwa na pete ya kuvutia. Ukivuta, kitanzi kinabana, na kifungo kidogo chenye springi kinauma waya, hata ukiachia pete kitanzi hakilegei. Ukitaka kumwachia mbwa unabonyeza kifungo kwa dole gumba, na kitanzi kinafunguka mara moja. Mbwa akiwa kule mwisho wa bomba hakufikii, na wewe humuumizi.

Papa alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi ya kazi, baada ya uji, aliingiza mkono wake wa kushoto kwenye kitanzi, mtu mwingine akashika fimbo na kumwambia "tayari", kisha akavuta. Papa alijinyonganyonga, akajaribu kuuchomoa mkono, akapima kama kinabana sawa, kama hakikati, kama kinafunguka upesi. "Kile usichoweza kuvaa mwenyewe usimvike mbwa," alisema. Aliyeshika fimbo alikuwa mama, na alifanya kwa kunung'unika, sindano zikiwa mdomoni. "Siku moja nitakuacha humo, uende kazini umefungwa kama mbuzi."

Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. Papa alikuwa ameniambia, "Ukikua kidogo." Basi kila Jumapili nilisimama kando ya fimbo ilipoegemezwa ukutani, nikajipima, nikachora mstari kwa msumari. Mama aliniuliza nani anaharibu ukuta, nikasema mijusi.

Faida alikuja wakati wa mvua. Alikuwa mtoto wa mdogo wake mama, kutoka upande wa Congo, umri wetu uleule. Mama yake alimfikisha mpaka Gatumba, mpakani, akamkabidhi kwa mama, akageuka kwenda kutafuta watoto wengine waliopotezana njiani. Alikuwa na begi moja la plastiki na viatu viwili vya mguu mmoja. Nilipewa amri ya kugawana naye kitanda, nikagawana. Nguo yangu ya Jumapili ya rangi ya maziwa ikawa ya zamu, sikusema kitu. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, nami nilikuwa tayari kumpa jembe, ufagio na ndoo za maji. Sikuwa tayari kumpa fimbo.

Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera. Alikataa kutoka nje ya lango. Mama alimnunulia daftari na sare, asubuhi ya kwanza akamshika mkono kumpeleka shule, na Faida akaking'ang'ania kiguzo cha lango kwa mikono yote miwili. Hakulia. Aliking'ang'ania tu, mpaka mama akachoka. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Mimi nikasema ni kudeka. Nilijua kudeka, maana nilikuwa fundi wake.

Asubuhi ya siku ya nne papa alimaliza uji, akachukua fimbo, akapita mbele ya mama, akapita mbele yangu nikiwa nimekwishanyoosha mikono.

"Faida, njo. Shika."

"Papa, na mimi?"

"We utaangalia, Ansila."

Nikaangalia. Faida aliipokea fimbo, na waya ukagongagonga ndani ya bomba. Papa akaingiza mkono wake kwenye kitanzi, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Sasa mi niko mbwa. Vuta. Usiogope, vuta."

Akavuta. Kifungo kikalia *tiki*.

"Niko wapi?"

"Uko kule," Faida alisema. Yalikuwa kama maneno yake ya kwanza tangu afike.

"Na wewe?"

"Niko huku."

"Nimekuuma?"

"Apana, papa mukubwa."

"Basi nifungulie. Na mi sitakuuma."

Akabonyeza kwa dole gumba, papa akautoa mkono, akausugua, akacheka. Faida naye akacheka, kicheko kifupi. Leo nikiyakumbuka maneno yale naona kila kitu kilikuwa wazi, kipofu angeona. Lakini wakati ule nilisikia jambo moja tu, kwamba papa anacheka na mtoto mwingine, kwa fimbo yangu, asubuhi yangu. Roho iliniuma. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaitukana mijusi.

Tangu siku hiyo Faida ndiye aliyeshika fimbo. Kisha akapewa kuisafisha. Kila Jumamosi alifungua kizibo cha nyuma, akatoa kifungo na springi yake, akavifuta, akavitia tone la mafuta ya cherehani ya mama, akavirudisha. Kitanzi alikiosha kwa kreolini. Ile harufu niliyoijua kwenye shati la papa sasa ilikuwa kwenye vidole vya Faida, tena tukilala kitanda kimoja! Niligeukia ukutani.

Alianza kufika langoni. Baada ya siku chache akafika dukani pa kona. Mwishowe akaenda shule, akiwa amenishika mkono, na mbwa akitokea mbali tu alinibana vidole mpaka vikaniuma. Mimi nilifanya nini? Nilivichomoa. Nilimwambia, "Niache, unanitoa jasho." Naye alitembea peke yake ametazama mbele, midomo ikijisemea kitu. Siku moja nilitega sikio. Alikuwa anasema, "Uko kule, niko huku. Uko kule, niko huku."

Kilichonimaliza ni neno la mama. Alikuwa anashona, Faida anafuta kifungo kwa kitambaa, na mama akamwambia jirani, "Huyu mutoto ana mikono ya kazi. Si kama wengine wa hapa." Wengine wa hapa! Nyumbani tulikuwa watoto wawili. Mnafikiri alimsema nani, mijusi?

Jumapili alasiri, wote wakiwa mazoezi ya kwaya na mimi nikiwa nimesingizia tumbo, nilifungua kizibo cha fimbo. Nikaitoa springi. Ilikuwa ndogo, kama punje ya maharage. Nikafunga kizibo vizuri, nikairudisha fimbo ukutani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kesho asubuhi papa ataingiza mkono, Faida atavuta, kifungo hakitashika. Papa atauliza, "Faida, umefanya nini?" Ataona hana mikono ya kazi. Na fimbo itakuja kwangu. Narudia neno hili, na nimelirudia miaka yote hii nikiwa peke yangu, kwamba nilitegemea kile kipimo cha asubuhi. Sikuwahi kuona asubuhi ya kazi isiyokuwa na kipimo.

Asubuhi nikaificha springi shavuni, kwa sababu sare yangu haikuwa na mfuko na mama alikuwa na mazoea ya kutukagua mikono. Uji niliunywa upande mmoja. Papa hajamaliza wake, kamioneti ikapiga honi nje. Mwenzake wa kazi akapaza sauti kutoka langoni: kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwenye ghala moja, mbwa jike mwenye watoto amejificha nyuma ya magunia, amemkimbiza mlinzi, wapakiaji wamegoma kuingia. Papa akanywa uji uliobaki akiwa amesimama. Akachukua glavu. Akachukua fimbo.

"Faida, ulisafisha?"

"Ndiyo, papa mukubwa."

"Basi leo tutaacha kupima. Tutapima kesho."

Akaenda. Nilimkimbilia mpaka langoni. Aliniona, akageuka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye kamioneti. "Ansila, kuna nini?"

Ili niseme, ningepaswa kuitema springi. Na Faida alikuwa nyuma yangu, amesimama na kitambaa chake cha kufutia, ananitazama. Nilitikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Papa akanipungia mkono, wakaondoka.

Walimrudisha mchana, sisi tukiwa tumetoka shule, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko, shati lina damu. Mama aliinuka akaangusha mkasi. "Yebabawe!" Mwenzake papa ndiye aliyesimulia, maana papa alikuwa amechoka. Alimpata jike vizuri, akavuta, kitanzi kikabana. Akaachia pete ili ashike bomba kwa mikono yote miwili, kama alivyofanya siku zote, na kitanzi kikalegea. Mbwa akachomoka, akageuka. Glavu alikuwa amezivua ili apitishe fimbo kati ya magunia. Mbwa mwenyewe alikimbilia upande wa bandarini wakampoteza, kwa hiyo hakuna aliyejua kama alikuwa na kichaa. Papa angedungwa sindano, si moja, na tungengoja.

Wakafungua kizibo pale pale uani. Kifungo kilikuwepo, springi hakuna. Wote wakamtazama Faida.

Papa hakumfokea. Laiti angemfokea. Alimuuliza tu, taratibu, "Uliirudisha?"

"Niliirudisha," Faida alisema. Akatazama vidole vyake. "Nafikiri niliirudisha."

Siku tatu Faida alichekecha mchanga wa uani kwa chekeche la mama la unga. Alianzia barazani akaenda hatua kwa hatua mpaka langoni, magoti yakiwa meupe kwa vumbi. Na mimi nilimsaidia. Ndiyo, nilipiga magoti kando yake, nikachekecha, nikasema, "Labda iliangukia huku." Springi ilikuwa kwenye kikopo cha vifungo vya nguo, chini ya godoro tulilolalia wote wawili.

Nilikuwa nimesikia kwamba mtu mwenye kichaa cha mbwa hawezi kunywa maji. Basi nilimletea papa maji asubuhi, mchana na jioni, nikakaa mbele yake nikiangalia koo lake likipanda na kushuka. Faida naye alikuwa amesikia hivyohivyo. Tulikuwa tunakimbizana na vikombe. Papa alikunywa vyote viwili, akasema, "Ninyi mnataka nifure kama chura?" Na hata hapo, Mungu anisamehe, hata hapo nilitazama anaanza na kikombe cha nani.

Kichaa hakikuja. Sindano zilikwisha, kidonda kikafunga. Lakini mama alikuwa ameshasema fimbo Faida asiiguse tena, na Faida hakubisha. Jumatatu iliyofuata alikifikia kiguzo cha lango, akasimama, akakishika kwa mikono yote miwili. Akarudi pale alipoanzia. Nilikwenda shule peke yangu, vidole vyangu viko huru.

Jioni ile nilimkuta papa anatia springi mpya. Nikasema, kwa uchungu ambao hata sasa siuelewi vizuri, "Kwa nini ulimpa yeye na si mimi?"

Papa aliweka bisibisi chini. "Kule walikotoka watu walikimbia, mbwa wakabaki, Ansila. Mbwa wenye njaa. Wamewafuata njiani siku mbili. Yeye ameona vitu." Hakusema vitu gani, na mimi sikuuliza. "We huogopi mbwa. Nikupe dawa ya ugonjwa usiokuwa nao?"

Hapo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini papa aliinua fimbo, akaitazama, akaona kwamba mama ana sindano mdomoni na Faida yuko langoni amekishika kiguzo chake. Akaniambia, "Haya, njo ushike wewe." Akaingiza mkono kwenye kitanzi. Nikashika. Nilikuwa nimeingoja siku ile kwa mistari kumi na zaidi ukutani. Nikavuta, na mpira wa kitanzi ukakaa juu ya kovu, pale pale, jekundu bado. Papa akakunja uso kidogo, akasema, "Vizuri."

Nilishika fimbo ile kila asubuhi ya kazi mpaka nilipoolewa. Kila asubuhi kitanzi kilikaa juu ya kovu. Faida alipoteza mwaka mzima wa shule. Mwaka uliofuata papa alianza kumpeleka mwenyewe kwa mguu, mapema kabla ya kamioneti, mkono kwa mkono, nami nikatembea nyuma yao nikihesabu hatua na kuona wivu tena. Mtu aliyepata alichokitaka, bado anatamani kiganja cha mwenzake!

Papa tulimzika mwaka jana. Siku ya kumaliza kilio mama alitugawia vitu vyake kama alivyoagiza, na akasema mbele ya watu wote, "Ile fimbo amesema apewe Faida." Nywele zangu zina mvi, nina mtoto wa sekondari, na moyo ulinichoma kama asubuhi ile papa alipocheka na Faida. Faida alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwenye biashara yake ya vitenge, hakuwahi kufika siku hiyo. Nikasema, "Nipeni, nitampelekea." Nikaileta Gihosha, nikaiweka nyuma ya mlango wa chumba changu, na miezi ikapita. Akinipigia simu nilimwambia sijapata gari la kuibeba.

Harufu ya kreolini ya jirani ndiyo iliyoniinua. Nilimpigia jioni ileile. "Njo uchukue fimbo yako."

Alikuja Jumamosi, mnene sasa, mcheshi, simu mbili mkononi. Alipoiona aliziweka simu mezani. Alilipapasa bomba lote mpaka kwenye kizibo.

"Tuipime kwanza," alisema. "Papa mukubwa hangekubali nitoke nayo hivi hivi." Akavua bangili, akaingiza mkono wake kwenye kitanzi, akanipa pete. "Vuta, Ansila."

Nikavuta. *Tiki*. Na akiwa amefungwa hivyo, upande wa kule, nikamwambia. Nilimwambia yote: tumbo la uongo, kizibo, shavu, kikopo cha vifungo. Nikaitoa ile springi ya zamani mfukoni, nikaiweka juu ya meza ya jikoni, imeshika kutu.

Faida aliigusa kwa kidole cha mkono uliokuwa huru. Nje binti yangu alikuwa anaosha vyombo, vijiko vinalia.

"Mpaka leo," alisema, "nikifunga duka narudi mara mbili kuangalia kufuli. Bwana yangu ananicheka. Nadhani kila siku nimesahau kitu." Kisha akasema, "Fungula. Mukono inauma."

Nikabonyeza. Akautoa mkono, akausugua. Nilingoja anitukane, au aondoke, na yote mawili ningeyapokea. Akaichukua fimbo kutoka mikononi mwangu, akaigeuza, akanielekezea kitanzi.

"Sasa lete wako."

Nikakunja mkono wa gauni, nikauingiza. Akavuta mpaka kifungo kikalia, na mpira ukanibana pale ulipokuwa ukimbana papa. Alikawia kufungua, na mimi sikumwomba aharakishe.